Slivu, baipasi au sindano: kupima njia za kupunguza uzito ukiwa Lamu

Mtu akishaambiwa na daktari kwamba uzito wake sasa ni ugonjwa wa kutibiwa, usingizi huanza kumruka. Anajua sukari yake haishuki. Magoti hayamruhusu tena kupanda ngazi za nyumba ya ghorofa kule Mkomani bila kusimama katikati, na mwenzake amemwambia kwamba usiku hukoroma hadi pumzi ikakatika. Amesikia kuna upasuaji. Lakini kila akikaribia kukubali, maswali humjaa: nisipoamka je? Nikiamka, nitakula nini? Watu watasemaje wakiniona nimekonda ghafla?

Makala haya ni ya mtu huyo. Nimeziweka pamoja njia tatu ambazo mara nyingi huambiwa achague: upasuaji wa slivu (kukata sehemu kubwa ya tumbo la chakula), upasuaji wa baipasi (kubakisha kifuko kidogo cha tumbo na kukiunganisha na utumbo chini zaidi), na sindano za kila wiki za kutuliza hamu ya kula. Nimeongozana na jamaa kwenye kliniki za Nairobi na nimekaa nao jikoni waliporudi, na nimeona wengi huchagua kwa kuhesabu kilo zitakazotoka. Kwa mtu wa kisiwani, mimi naona swali zito zaidi ni hili: njia hii itanidai nini kila siku, na hofu yake ni ipi, ninaweza kuishi nayo?

Tunapima kwa nini

Kwanza ujue kama unahusika. Madaktari hutumia BMI, yaani uzito wako kwa kilo ukagawanywa kwa urefu wako kwa mita, kisha ukagawanywa tena kwa urefu huo huo. Mama wa kilo 110 mwenye urefu wa mita 1.60 ana BMI ya karibu 43. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 1991 uliweka mpaka wa upasuaji kuwa 40, au 35 kwa mwenye maradhi yanayoletwa na uzito. Mwaka 2022 jumuiya za wapasuaji wa fani hii ziliushusha: 35 hata bila maradhi mengine, na kuanzia 30 mwenye kisukari anaweza kufikiriwa. Nitamtumia mama huyu wa kilo 110 katika hesabu zote.

Kila njia nitaipima kwa mambo manne. Hofu, yaani hatari ya kweli iliyomo. Faida, kwa kilo na kwa maradhi. Sahani, maana hapa kwetu chakula ni harusi, ni futari, ni kumheshimu aliyekupikia. Na umbali, kwa sababu anayeishi Lamu hawezi kumfikia mpasuaji wake kwa dakika ishirini.

Hofu za upasuaji wowote

Kuna hofu ambazo hazikusaidii kuchagua kati ya slivu na baipasi kwa sababu ziko kote. Afadhali uzimalize mapema.

Ya kwanza ni kufa mezani. Siku hizi operesheni hizi hufanywa kwa matundu madogo na kamera, na katika hospitali zenye uzoefu anayepoteza maisha ni takriban mmoja kwa kila elfu, au pungufu ya hapo. Hatari hiyo inakaribiana na ya kutolewa mfuko wa nyongo, jambo ambalo watu hulikubali bila kuchelewa. Hupanda kwa mwenye umri mkubwa, mwenye moyo mgonjwa, mvutaji sigara, na mwenye kukatikiwa na pumzi usingizini. Na kubaki ulivyo nako kuna hatari yake. Uswidi walianza mwaka 1987 kuwafuatilia watu wanene, waliopasuliwa na wasiopasuliwa, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2007 yalionyesha waliopasuliwa wamepungukiwa na vifo kwa karibu asilimia 29. Kuandika wasia na kulipa madeni kabla ya safari ni wajibu wetu wakati wote. Usiache mtu akwambie kwamba kufanya hivyo ni kujiitia mauti.

Ya pili ni dawa ya usingizi. Daktari wa usingizi ndiye mtu wa kumwambia kila kitu: unavyokoroma, vidonge unavyomeza, mitishamba, miraa, sindano za uzito kama ulikuwa ukizidunga. Sindano hizo huchelewesha chakula tumboni, na chakula kikipanda kwenye mapafu ukiwa umelala ni hatari.

Ya tatu husemwa kwa sauti ya chini, na inastahili jibu la wazi. Ili damu isigande miguuni na kwenda mapafuni, wagonjwa hupigwa sindano za hepari, na dawa hiyo hutengenezwa kutokana na nguruwe. Wapo wanaoligundua wodini wakapata dhiki kubwa. Muulize sheikh wako wiki nyingi kabla; wanazuoni wengi huruhusu panapokuwa na dharura. Muulize na mpasuaji kuhusu fondaparinuksi, ambayo hutengenezwa maabara bila mnyama. Vitamini zenye ganda la jelatini nazo ziulizie, kwa sababu vidonge vya kutafuna au vigumu hupatikana.

Halafu kuna maneno ya watu. Mtu akipungua kilo nyingi kwa miezi michache, barazani hutajwa ukimwi, hutajwa kifua kikuu, hutajwa jicho baya. Amua kabla ya kuondoka nani ataambiwa ukweli wote, nani ataambiwa “nimetibiwa tumbo, alhamdulillahi”, na nyumbani kwenu mkubaliane jibu moja. Kuwaficha watu wa nyumbani sikushauri hata kidogo. Hao ndio watakaokukimbiza hospitali saa tisa usiku.

Slivu

Mpasuaji huondoa asilimia 75 hadi 80 ya tumbo la chakula na kubakisha sehemu nyembamba iliyosimama, mfano wa mkono wa kanzu. Utumbo hauguswi. Sehemu inayotolewa ndiyo inayotoa kwa wingi grelini, homoni ya njaa, na ndiyo maana wengi husema ile njaa ya kuwasumbua kichwani imenyamaza. Palipokatwa hufungwa kwa pini ndogo za titani zinazobaki mwilini. Hazizuii kipimo cha MRI wala hazikusumbui uwanja wa ndege.

Hofu. Kubwa ni kuvuja pale palipofungwa. Hutokea kwa takriban mtu mmoja kwa mia au pungufu, mara nyingi ndani ya wiki za mwanzo, wakati mwingine mtu akiwa tayari nyumbani. Dalili zake zijulikane na kila anayekaa na mgonjwa: moyo kwenda mbio kupita mapigo 120 kwa dakika mtu akiwa amekaa, homa, maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua, maumivu ya bega la kushoto, pumzi fupi. Usimpe panadol ukasema tusubiri asubuhi. Hofu ya pili ni kwamba kilichokatwa hakirudi. Ya tatu ni kiungulia: utafiti wa Uswisi uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kiungulia kimezidi kwa karibu asilimia 32 ya waliofanyiwa slivu, na kwa asilimia 6 tu ya waliofanyiwa baipasi. Slivu ikileta kiungulia kisichovumilika, inaweza kugeuzwa kuwa baipasi, lakini hiyo ni operesheni nyingine.

Faida. Kwa wastani hupungua kama robo ya uzito wote katika mwaka wa kwanza au wa pili. Mama wa kilo 110 atafika karibu 82. Presha hushuka, kukoroma hupungua, magoti hupata nafuu, na sukari kwa wengi hutulia.

Sahani. Hapa nitakaa kidogo, maana wiki za mwanzo zinafanana kwa slivu na baipasi, na ndizo zinazoogopesha kuliko zinavyostahili. Kabla ya operesheni kuna kama wiki mbili za chakula kidogo sana kisicho na wanga mwingi, ili ini lisinyae na mpasuaji apate nafasi. Baada yake ni vinywaji tu kwa wiki mbili hivi, kisha vilivyosagwa, kisha vilaini, na chakula cha kawaida kikirudi kati ya wiki ya sita na ya nane.

Nyumbani, chombo kinachofaa kuliko vyote ni kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono. Nimeona mgonjwa akijaziwa supu ya samaki iliyochujwa katika kikombe hicho, akaweka saa mbele yake, akamaliza kwa nusu saa, tone baada ya tone, na akasema ameshiba. Mwenye kupika alilia kwa kudhani mgonjwa anakufa njaa. Hakuwa anakufa njaa. Hiyo ndiyo kazi ya wiki hizo. Supu iwe ya changu au kuku, isiwe na nazi nzito wala pilipili. Maji ndiyo mtihani, hasa katika joto la Februari na Machi: lita moja na nusu kwa siku kwa mafunda madogo, tangu unapoamka hadi unapolala. Funda kubwa huuma kifuani.

Baadaye utakula kila kitu, ila kidogo, na protini ndiyo inayotangulia: gramu 60 hadi 80 kwa siku. Samaki wetu hapa ni neema. Kipande cha kolekole cha kuchemsha au kuchoma, yai, maziwa ya mgando, kunde zilizopondwa. Mkate mwororo na wali hufanya donge na kukwama, kwa hiyo hivyo huja mwisho kabisa. Kunywa na kula pamoja kumekwisha. Subiri nusu saa. Kwenye sinia la harusi chukua matonge matatu, tafuna taratibu, na mwenye nyumba akikuhimiza mwambie, “Nimeshiba, Bi, mkono wako una baraka.” Kwa kawaida linatosha.

Ramadhani ya mwaka wa kwanza madaktari wengi hushauri usifunge, kwa sababu mtu asiyeweza kunywa gilasi moja kwa mkupuo hawezi kulipa maji ya siku nzima kati ya futari na daku. Mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine. Wapo wanaoona aibu kula mchana watu wakiwa wamefunga, wakafunga kwa siri na kuishia kwenye dripu. Hilo linaniuma, maana ruhusa imetoka kwa Mwenyezi Mungu mwenyewe.

Umbali. Slivu huhitaji multivitamini maisha yote na kupima damu, kwa kawaida mwezi wa tatu, wa sita, wa kumi na mbili, kisha kila mwaka. Ukiisahau kwa wiki, utasamehewa. Ukiisahau kwa miaka, hutasamehewa. Kwa safari, ushauri wangu ni kwamba usirudi Lamu haraka. Kaa na jamaa Nairobi au Mombasa wiki mbili au tatu, karibu na aliyekupasua, mpaka hatari ya kuvuja ipungue. Kushuka ndegeni Manda kisha kuingia boti ni jambo jepesi kwa mzima. Mwenye tumbo linalovuja hapaswi kuianza safari kama hiyo kwa kinyume, usiku, bahari ikiwa chafu.

Baipasi

Sehemu ya juu ya tumbo hutengwa ikawa kifuko cha mililita 30 hivi, kama vijiko viwili vikubwa, kisha huunganishwa na utumbo mwembamba chini zaidi. Tumbo kubwa hubaki ndani, ila chakula hakipiti humo. Mabadiliko hayo huathiri homoni za utumbo, na sukari kwa wengi huanza kushuka kabla hata kilo hazijatoka.

Hofu. Kuvuja kupo kama kwa slivu, na dalili ni zilezile. Zaidi ya hapo kuna vidonda kwenye maungio, ambavyo huletwa hasa na sigara na dawa za maumivu. Mwenye baipasi hatumii tena diklofenaki, aibuprofeni wala aspirini ya kujinunulia. Parasetamoli ndiyo yake. Hapa kwetu, ambapo mtu huingia duka la dawa akasema “nipe ya mgongo” na akapewa diklofenaki bila swali, hili ni jambo la kufundisha nyumba nzima. Kuna pia utumbo kujinyonga ndani, hata miaka kadhaa baadaye: maumivu makali ya ghafla baada ya kula, yanayokuja na kuondoka. Yakitokea, mwambie daktari yeyote utakayemkuta, iwe hospitali ya King Fahd hapa Lamu au kwingine, neno la kwanza kabisa: “Nina baipasi.” Bila kulijua hilo anaweza kudhani ni gesi.

Faida. Wastani ni kama asilimia 30 ya uzito wote. Mama yetu atafika karibu kilo 77. Tofauti na slivu ipo, lakini si kubwa kama watu wanavyodhani. Utafiti wa Ufini wa mwaka 2018 ulikuta baada ya miaka mitano watu wa baipasi wamepoteza asilimia 57 ya uzito uliozidi (yaani zile kilo zilizo juu ya uzito unaofaa, si uzito wote), na wa slivu asilimia 49. Penye kisukari cha miaka mingi na penye kiungulia kikali ndipo baipasi huonyesha nguvu zake. Anayetumia insulini ahakikishe dozi zimepangwa upya kabla hajatoka wodini, la sivyo sukari itashuka mno.

Sahani. Wiki za mwanzo ni kama nilivyoeleza. Kinachoongezeka ni adhabu ya utamu. Kaimati zenye shira, halua, sharbati, au tende tano kwa pamoja wakati wa kufuturu, vikifika haraka kwenye utumbo humfanya mtu atoke jasho, moyo umwende mbio, kichwa kimzunguke, aharishe, kisha atake kulala. Kuna wengine sukari huwashuka saa moja hadi tatu baadaye. Kwa kawaida haikuui, lakini utajuta. Baadhi ya watu huipenda baipasi kwa sababu hiyo hasa: wanasema wamepata mlinzi. Wengine, hasa wanaoishi nyumba ya wapishi wa biashara na kuonja ndiyo kazi, huona ni kifungo. Ukiruhusiwa kufunga tena, futuru kwa tende moja, itafune mpaka iishe, kisha usubiri.

Umbali. Hapa ndipo mimi husita kwa mtu wa kisiwani asiye na utaratibu. Kwa kuwa chakula kinaruka sehemu ya utumbo, madini ya chuma, kalsiamu, vitamini B12 na D havifyonzwi vya kutosha. Vidonge ni kila siku, maisha yote, kalsiamu ikiachana na chuma kwa saa mbili hivi, na wengine hupigwa sindano ya B12. Ukiacha, upungufu huja polepole: uchovu, damu kupungua, ganzi miguuni. Na mtu aliyepasuliwa, kwa njia yoyote kati ya hizi mbili, akitapika kwa siku kadhaa mfululizo, anaweza kuishiwa na thiamini, yaani vitamini B1, akaharibika mishipa ya fahamu na ubongo. Apewe thiamini kabla ya dripu yenye glukosi. Iandike kwenye karatasi, iweke pamoja na kitambulisho.

Sindano za kila wiki

Hizi ni semaglutidi na tirzepatidi. Hudungwa chini ya ngozi ya tumbo au paja mara moja kwa wiki, kwa dozi ndogo inayopandishwa taratibu kwa miezi. Hutuliza hamu ya kula na kuchelewesha chakula tumboni.

Hofu. Kisu hakuna, na kwa anayekiogopa kisu hilo ni kubwa. Lakini kuna kichefuchefu, kutapika na choo kigumu, hasa kila dozi inapopanda. Mara chache kuna kuvimba kongosho na mawe ya nyongo. Hazimfai aliyewahi kuwa na saratani ya tezi ya shingo ya aina ya medula, au ambaye ndugu zake wa damu wamekuwa nayo. Mjamzito hatumii, na anayetaka mimba huacha semaglutidi angalau miezi miwili kabla. Hofu nyingine ni dawa bandia: mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu semaglutidi ya kughushi. Usinunue kwa mtu wa simu, hata kama ni rafiki wa shoga yako. Nunua famasi iliyosajiliwa kwa cheti cha daktari, ukaguliwe.

Faida. Katika utafiti uliotoka mwaka 2021, waliodunga semaglutidi walipungua kwa wastani wa asilimia 15 kwa wiki 68. Tirzepatidi kwa dozi ya juu, mwaka 2022, ilifikia karibu asilimia 21 kwa wiki 72. Mama yetu angefika kilo 94 kwa ya kwanza, 87 kwa ya pili. Ila ukiacha, uzito hurudi: mwaka mmoja baada ya kuacha semaglutidi, watu walirudisha theluthi mbili ya kilo walizopoteza. Kwa hiyo hesabu gharama yake kama ya dawa ya presha, ya miaka.

Sahani. Hapa ndipo kwepesi. Unakula chakula cha nyumbani, kidogo, mafuta yakipungua. Biryani yenye samli nyingi ndiyo humtapisha mtu. Ramadhani unaweza kuidunga usiku baada ya kufuturu. Mwenye kutumia pia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari aonane na daktari kabla ya mwezi kuandama. Protini na kutembea bado ni lazima, ama sivyo misuli ndiyo itakayopungua.

Umbali. Hakuna wodi, hakuna wiki tatu za kukaa kwa jamaa. Lakini kalamu ambazo hazijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na zisigande. Anayezibeba kwa basi kutoka Mombasa hadi Mokowe azitie kwenye sanduku la barafu, azikunje kwa kitambaa zisiguse barafu yenyewe, kwani iliyoganda hutupwa. Stima ikikatika kwa saa nyingi, usiufungue mlango wa friji.

Yanayokuja baadaye, njia yoyote

Nywele humwagika mwezi wa tatu hadi wa sita kwa wengi, na hurudi. Ngozi hulegea na mara nyingi haikazi yenyewe. Afadhali kulijua mapema kuliko kuja kushtuka kwenye kioo. Uzito huweza kurudi kiasi baada ya mwaka wa pili au wa tatu, hata kwa waliopasuliwa.

Mimba ni jambo la kusemwa wazi kwa wanandoa. Mwanamke ambaye kwa miaka hakushika anaweza kushika ghafla, kwa sababu uzito ukishuka hedhi hujirekebisha. Baada ya upasuaji hushauriwa kusubiri miezi 12 hadi 18, na baada ya baipasi vidonge vya uzazi wa mpango haviaminiki sana; kipandikizi au koili ni bora.

Na kuna huzuni. Mtu aliyezoea kujiliwaza kwa mahamri na chai anapokosa liwazo hilo, kitu hubaki wazi ndani yake. Wengine huhamia kwenye sigara, miraa au pombe, na pombe baada ya upasuaji hupanda kichwani haraka sana. Ndoa nazo hutikisika: mume aliyemzoea mke wake mnene anaweza kuona wivu, mke anaweza kuona amekuwa mtu mwingine. Mshauri nasaha atafutwe kabla, si baada. Na mtu akianza kusema kwamba hataki kuishi, hilo ni la kukimbizwa hospitali kama tu tumbo linalovuja.

Ukiwa katika hali hii au ile

Kama kiungulia kinakuamsha usiku, au kipimo cha kamera kimeonyesha umio umechubuka, mazungumzo yaanze na baipasi. Vivyo hivyo kwa mwenye kisukari cha muda mrefu kinachoshindwa na dawa, mradi nyumbani kuna mtu wa kusimamia vitamini naye.

Kama unaishi kwa diklofenaki kwa ajili ya yabisi ya viungo, au sigara imekushinda, slivu inakufaa zaidi kuliko baipasi. Na hata hiyo, sigara iachwe wiki kadhaa kabla.

Kwa anayeishi Faza, Kizingitini au Kiunga, ambako kufika mjini Lamu penyewe ni safari ya bahari, uzito wa uamuzi uko kwenye ufuatiliaji. Slivu hudai vidonge vichache. Sindano hudai friji. Baipasi hudai nidhamu na maabara. Jiulize kwa kweli kipi kati ya hivyo unacho.

BMI ikiwa kati ya 30 na 35, bila kisukari kikali, sindano na mtaalamu wa lishe ni mwanzo wa busara. Ikiwa zaidi ya 50, sindano peke yake kwa kawaida haitoshi, ingawa zinaweza kutumika kupunguza uzito kabla ya kisu ili operesheni iwe salama zaidi. Msichana anayetazamia ndoa na watoto karibuni apange tarehe hizo mbili pamoja na daktari. Kuolewa mwezi wa nne baada ya upasuaji bila kinga ya mimba ni hatari kwake na kwa mtoto.

Anayekula kwa siri, kwa wingi, mpaka aumwe, kisha akajichukia, atibiwe hilo kwanza. Tumbo dogo halitaiondoa shida hiyo, na sindano itainyamazisha kwa muda tu.

Kwa fedha, upasuaji katika hospitali binafsi ni malaki ya shilingi. Uliza SHA (bima ya afya ya serikali) na bima yako jibu la maandishi kabla ya kuuza chochote, na uweke kando za nauli, za kukaa kwa jamaa, na za vitamini na vipimo vya mwaka mzima.

Na kama umesoma yote haya na hofu bado imekukaba, si lazima uamue mwezi huu. Chukua daftari, kila hofu uiandike kama swali: umefanya operesheni hii kwa watu wangapi, wangapi walivuja, nani atapokea simu yangu usiku nikiwa Lamu, nikishindwa kunywa nifanye nini. Nenda nalo kliniki pamoja na mtu wako wa karibu, na mpasuaji asiyetaka kuyajibu muache, utafute mwingine. Wakati huo huo pima sukari ya miezi mitatu, damu, figo, ini, B12 na tezi ya shingo, na kama unakoroma, omba kipimo cha usingizi. Majibu hayo yataulizwa kwa njia yoyote utakayoichagua.